Spika zinakoroma sauti ikipanda: kisa cha amplifaya iliyobebeshwa lawama

"Shemeji, amplifaya yangu imechoka. Nataka nichukue ya wati 120, unasemaje?"

Shemeji yangu hakuwa anauliza. Alikuwa ameshaamua, na alichotaka kwangu ni neno moja tu, ndiyo. Nikamwambia angoje nije nisikie kwanza, maana mtu akikuambia "inakoroma" kwenye simu hujui anasema nini. Mmoja huita mkoromo ile sauti ya waya uliolegea, mwingine huita hivyo mlio wa koni (ule uso wa spika unaocheza) iliyochanika, na wa tatu anamaanisha kioo cha kabati kinachotetemeka nyuma ya spika. Zote ni "spika inakoroma", na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Malalamiko yake yalikuwa haya: akipiga muziki wa kusikiliza huku watu wanaongea, sauti ni safi. Akipandisha, besi inaanza kupasuka, kisha na waimbaji nao wanakuwa kama wanaimba kupitia kopo. Akishusha, usafi unarudi. Akasisitiza jambo moja ambalo baadaye lilinisaidia sana: mwaka jana vifaa vilevile vilifikisha sauti ileile bila tabu.

"Nini kimebadilika tangu hapo?"

"Hakuna."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na bado sijakutana na siku lilipokuwa kweli.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Amplifaya ya stereo iliyoandikwa nyuma wati 60 kwa kila chaneli kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Spika mbili za ukubwa wa kati, kila moja ina wufa ya inchi 6 na nusu kwa ajili ya besi, twita moja kwa ajili ya sauti za juu, na tundu la hewa mbele. Kibandiko cha spika kinasema omu 8, desibeli 86 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati hiyo. Muziki unatoka kwenye simu, unapita kwenye waya wa jeki ya masikioni hadi kwenye soketi nyekundu na nyeupe za amplifaya. Viti viko kama mita 4 kutoka kwenye spika.

Akapandisha. Nilisikiliza kama sekunde kumi, nikafanya kosa la kwanza la siku hiyo: nikakubaliana naye moyoni. Upande wa kushoto unapasuka, wa kulia nao unapasuka, na spika mbili haziharibiki siku moja, kwa hiyo kilicho katikati yao ndicho kibovu. Hoja hii ni nzuri. Ina tundu moja tu: inachukulia kwamba mlio unaotoka kushoto na ule wa kulia ni mlio mmoja.

Kilichonizuia kusema ndiyo ni hesabu. Wati 120 ni mara mbili ya 60, na kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Desibeli 3 unazisikia, lakini si jambo la kukufanya uinuke kitini. Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili", unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kama kweli amplifaya ilikuwa inazidiwa kwa kiasi nilichosikia, ile mpya ingezidiwa vilevile, hatua kidogo tu mbele. Na kama tatizo liko kwenye spika, wati za ziada zingeenda kuzimaliza spika zenyewe kabisa.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Nikapeleka balansi, kile kitufe cha kugawa sauti kushoto na kulia, yote kulia, tukapiga wimbo uleule, sehemu ileile. Upande wa kulia ulikuwa safi hadi juu, kisha ngoma ikaanza kuwa kavu, na kila kitu, ngoma, gitaa na sauti za watu, kikakwaruza kwa pamoja kila ngoma ilipogonga. Nikahamisha kushoto. Mkwaruzo huo ulikuwepo, lakini mapema zaidi, sauti ikiwa bado ya wastani, kulikuwa na mlio mwingine chini yake: kama karatasi inayosuguliwa, na ulikuja na noti za besi tu. Waimbaji walikuwa wazima wakati besi imeshaanza kusugua.

Milio miwili, basi. Nilipokuwa nasikiliza pande zote pamoja, ule wa kushoto ulikuwa umejificha ndani ya ule wa wote.

Hatua inayofuata ni ile ambayo ningependa kila mwenye redio aijue kabla ya kubeba kitu kwenda kwa fundi. Zima amplifaya. Nyuma yake, badilisha nyaya za spika: wa kushoto upeleke kulia, wa kulia upeleke kushoto. Washa, sikiliza. Kama ubaya umebaki kwenye spika ileile, spika ndiyo mbaya, au waya wake. Kama ubaya umehamia kwenye spika ya pili, unatoka kwenye chaneli, si kwenye spika. Watu huchanganyikiwa hapa. Spika hazijasogea, kilichohama ni chaneli inayozilisha. Kwetu, ule mlio wa karatasi ulibaki kwenye spika ya kushoto ingawa sasa ilikuwa inalishwa na chaneli ya kulia. Tukabadilisha na waya wenyewe, mlio ukabaki palepale. Spika ya kushoto ina jambo lake.

Ule mkwaruzo wa jumla haukujali mabadiliko hayo. Ulikuwepo kila mahali, kwa hiyo unatoka juu zaidi: kwenye amplifaya au kwenye simu.

Kutenganisha hivi viwili kuna njia rahisi ajabu, na ajabu zaidi ni jinsi inavyosahaulika. Amplifaya ishushwe hadi sauti ndogo, simu ipandishwe hadi mwisho. Ikiwa sauti imepasuka hata katika unyonge huo, amplifaya haina hatia. Inapokea kitu kilichopasuka tayari. Tulipofanya hivyo, tukasikia ngoma ya besi, ndogo ndogo, ikipasuka kama punje za mahindi.

Shemeji akanyamaza. Nikaomba simu.

Kwenye programu ya muziki kulikuwa na ekwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, na upande wa besi umepandishwa desibeli 9. "Huyu ni kijana," akasema, "alinitengenezea, akaniambia sasa inapiga kama klabu." Lini? Miezi kadhaa iliyopita. Hakuna kilichobadilika, kumbe.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana watu wengi hudhani ekwalaiza inaongeza ladha bure. Muziki wa kidijitali una dari. Namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ikishafikiwa, hakuna nyingine juu yake. Nyimbo nyingi za miaka ya karibuni zimetengenezwa zikiwa zimeshaigusa dari hiyo, kwa sababu watengenezaji wanashindana nani asikike kwa nguvu zaidi. Ukichukua wimbo ulioko darini ukauongezea desibeli 9 za besi, vilele vya mawimbi havina pa kwenda, vinakatwa. Wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo linatoka na kichwa bapa, na ule ubapa ndio sikio linausikia kama kupasuka. Baadhi ya programu hujihami kwa kushusha sauti yote kwanza. Hii haikuwa hivyo: simu ikiwa nusu sauti mambo yalikuwa mazuri, ikifika juu inakata. Na shemeji alikuwa na desturi ya kuipeleka simu mwisho kila wageni wanapoingia, ndipo anageukia amplifaya.

Mkato wa kwanza huo. Lakini hizo desibeli 9 hazikuishia kwenye simu. Kwa upande wa amplifaya, desibeli 9 ni karibu mara nane ya wati. Noti ya besi iliyokuwa inahitaji wati 5 sasa inadai 40, ile ya wati 10 inadai 80, na 80 amplifaya hii haina. Ndiyo sababu mwaka jana sauti ileile ya waimbaji ilipatikana bila tabu na mwaka huu haipatikani. Waimbaji hawajapanda. Besi iliyo chini yao ndiyo imekula akiba yote.

Nikarudisha ekwalaiza sawasawa. Mtihani wa amplifaya chini na simu juu ukawa safi. Tukapandisha kitufe cha sauti, na mkwaruzo wa jumla ukachelewa sana kuja, ila ulikuja, kitufe kilipofika saa nane. (Nakichukulia kitufe kama uso wa saa: alama ikitazama juu kabisa ni saa sita.)

"Lakini bado kuna nafasi," akasema shemeji, akionyesha hadi mwisho wa mzunguko. "Hapo ni kama nusu na kidogo tu."

Hiyo ndiyo imani inayoua spika nyingi. Kitufe cha sauti hakipimi wati. Kinapima ni kiasi gani cha kile kinachoingia kinaruhusiwa kupita. Kikiingia kitu kinyonge, utahitaji kukizungusha hadi mbali. Kikiingia kitu chenye nguvu, amplifaya inafika kikomo chake kitufe kikiwa hata hakijafika juu. Kicheza CD cha kawaida kinatoa hadi volti 2, na amplifaya nyingi za nyumbani zinahitaji sehemu ndogo tu ya hizo ili zitoe wati zao zote. Nafasi iliyobaki kwenye kitufe ni kwa ajili ya vyanzo vinyonge.

Alitaka kuona, si kuambiwa, na nilikuwa na mita ya kupimia umeme kwenye begi. Tukazima, tukachomoa spika zote mbili. Nikapiga kutoka kwenye simu toni ya Hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) iliyorekodiwa kwa kimo cha juu kabisa, mita nikaiweka kwenye volti za AC, ncha zake kwenye soketi za spika. Nimechagua Hezi 50 kwa sababu mita za bei nafuu zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani na hudanganya zikipewa sauti za juu. Hesabu yake ni volti mara volti, gawanya kwa omu. Wati 60 kwenye omu 8 ni volti 22 hivi. Nikazungusha taratibu. Kitufe kilipofika saa tano, mita ikasoma 22. Saa tano! Yeye hupiga saa nane.

Mambo mawili kwa atakayejaribu. Ncha za mita zikigusana kwenye soketi za spika, unaweza kuiunguza amplifaya papo hapo, kwa hiyo mikono itulie. Na usichomoe spika hivi kwenye amplifaya ya valvu, zile zenye taa za kioo. Hizo hazitakiwi kufanya kazi bila mzigo. Vilevile toni ya namna hii usiiachie spika kwa nguvu zote. Muziki una mapumziko, toni haina, na koili ya spika, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inaweza kuungua ndani ya muda mfupi.

Nikabandika kipande cha utepe wa karatasi pale saa tano.

Hapo ndipo nilipokumbuka twita. Amplifaya inayokata vilele vya mawimbi kwa muda mrefu huzichoma, hata ikiwa ndogo. Wimbi lililokatwa hadi likawa mraba kamili hubeba mara mbili ya nguvu za wimbi laini la kimo hichohicho, na wakati besi imegonga dari haiwezi kupanda tena, sauti za juu bado zinaendelea kupanda. Twita ni kitu chepesi kisichotarajiwa kupokea zaidi ya wati chache kwa mfululizo. Nikaweka sikio karibu na kila moja sauti ikiwa ndogo: zote zinapumua. Amebahatika.

Imebaki spika ya kushoto.

Kwanza mita kwenye omu, waya zikiwa zimechomolewa. Wufa ya kushoto 5.7, ya kulia 5.6. Hilo ni la kawaida kwa spika ya omu 8. Mita inasoma ukinzani wa shaba tu, na huwa chini ya namba ya kibandiko. Lakini nalitaja kwa sababu mafundi wengine huishia hapo wakasema "spika ni nzima". Mita inakuambia koili haijakatika. Haikuambii kama inasugua.

Koili ya spika imezungushwa kwenye bomba jembamba linalocheza ndani ya ufa wa sumaku, na nafasi kati ya koili na chuma ni sehemu ya milimita. Ikihama kidogo tu kutoka katikati, inagusa. Nikaweka vidole vinne kuizunguka koni, kwa usawa, nikaisukuma ndani polepole. Ya kulia ilikwenda kimya. Ya kushoto, kwenye sehemu ya mwisho ya safari yake, ilitoa kwaru ndogo ambayo niliisikia kwa vidole kabla ya masikio. Tukapiga toni za kati ya Hezi 30 na 100 kwa sauti ya chini, na ile karatasi ikaimba wazi.

Nilitamani iwe skrubu. Kweli mbili zilikuwa zimelegea, nikazikaza, na mlio mmoja mwembamba wa hewa inayovuja ukatoweka. Kwaru ikabaki. Nikaifungua wufa yote, nikaigeuza kwenye mwanga, na hapo ikaonekana: raba ya pembeni ilikuwa imebanduka kutoka kwenye koni kwa karibu robo ya mzunguko. Raba yenyewe nzima, laini, haina ufa. Gundi ndiyo iliyoshindwa. Upande ulioachia ulikuwa unaiacha koni ivutwe na upande ulioshika, na koili ikalala upande.

Kama ingekuwa sponji badala ya raba, ningemwambia habari nyingine. Sponji huoza kwa umri hata ikiwekwa kabatini, hubomoka kama keki, na hapo dawa ni kuweka ukingo mpya kuzunguka koni nzima na kuisawazisha koili upya. Hii ilihitaji gundi tu. Si ile ya papo kwa papo, ambayo hukauka ikawa kama kioo na kupasuka koni ikianza kucheza. Nilitumia gundi inayobaki na ulaini ikikauka. Nikasafisha mabaki ya ile ya zamani, nikapaka nyembamba, nikabana kidogo kidogo huku nikiisukuma koni kuhakikisha haisugui. Tukaiacha hadi kesho yake.

Kwa nini ya kushoto? Nikaitoa na ya kulia nikaitazama. Palikuwa na mahali pa ukubwa wa ukucha ambapo raba imeanza kuinuka. Basi haikuwa bahati mbaya ya spika moja. Zote mbili zilikuwa njiani, moja ikatangulia.

Siwezi kuapa kilichozibandua, ila nina mshukiwa. Spika yenye tundu la hewa inaisaidia koni hadi kwenye sauti fulani ya chini, ile ambayo boksi na tundu vimepimwa kwa ajili yake. Chini ya hapo hewa ya ndani inakoma kuishikilia koni. Inabaki ikirushwa mbele na nyuma bila breki, na haitoi sauti ya maana. Ukiongeza desibeli 9 huko chini, koni inasafiri mbali zaidi kwa faida ndogo sana ya besi. Miezi kadhaa ya kuivuta raba namna hiyo, kila wikendi, na gundi ya kiwandani ikachoka. Kama ni hivyo, lile jambo la simu na lile la spika si hitilafu mbili. Ni moja na mtoto wake. Ya kulia nayo nikaipaka gundi.

Siku ya pili tukafunga kila kitu, ekwalaiza sawasawa, simu karibu na juu, kitufe kwenye utepe. Safi kushoto, safi kulia. Kisha, kwenye noti moja tu ya besi, ngurumo nyembamba kutoka kushoto. Nikahisi tumbo likishuka. Shemeji alikuwa ameshaanza kunitazama kwa jicho la "si nilikuambia". Nikamwomba abonyeze kiganja kwenye kioo cha kabati lililo nyuma ya spika. Ngurumo ikakoma. Akaondoa mkono, ikarudi. Kipande cha kitambaa kilichokunjwa kikamaliza kesi hiyo.

Alisikiliza nyimbo tatu, akaridhika na usafi, halafu akasema alichokuwa anakificha: "Lakini shemeji, kwa sherehe hii sauti ni ndogo."

Na ni kweli. Desibeli 86 kwa wati 1, ongeza karibu 18 kwa wati 60, ni 104 ukiwa mita 1. Kwa mita 4 ukiwa mahali pa wazi unapoteza 12, chumbani kidogo chini ya hapo; spika ya pili inarudisha kama 3. Hiyo ni kama 95 kwenye vilele, na wastani wa muziki uko chini ya vilele kwa desibeli 10 au zaidi. Kwa kusikiliza, inatosha na kubaki. Kwa watu thelathini wanaocheza na kupiga kelele, haitoshi, na amplifaya ya wati 120 ingempa zile 3 tulizozihesabu mwanzo. Anayetaka sauti ya sherehe anatafuta spika zenye desibeli 95 na zaidi kwa wati moja, hata kama amplifaya ni ileile.

Nikamwambia pia kwamba kutoka mita 4 hadi mita 2 unaweza kupata hadi desibeli 6, sawa na kuzidisha wati mara nne. Akafikiri. Kisha akainuka, akashika kiti cha kwanza kwa mikono miwili, akaniambia nishike upande wa pili wa kochi.